Kitambaa cha kufuma kinachoongezeka upana kikivutwa

Mfumaji wa Kariobangi: Habari zenu. Ninafuma sweta za shule hapa Nairobi kwa mashine ya mkono yenye safu mbili za sindano. Mteja ameagiza kifuniko cha goti kisichomfinya anapopanda ngazi, nami nimesikia kwamba kuna vitambaa ambavyo ukivivuta kwa urefu, upana nao huongezeka. Je, vinahitaji uzi wa pekee?

Mhandisi wa Ngara: La, kinachofanya kazi hasa ni mpangilio wa vitanzi. Ukivuta kitambaa cha kawaida, uzi wa kichwa cha kitanzi huteremka miguuni, kitanzi kikarefuka na kuwa chembamba. Tabia hiyo hupimwa kwa uwiano wa Poisson, yaani kadiri upana unavyopungua ikigawanywa kwa kadiri urefu unavyoongezeka: mpira hukaribia 0.5, koki ya vizibo vya chupa hukaribia 0, na unachokitafuta wewe kiko chini ya 0. Mwaka 1987 Roderic Lakes, wa Marekani, alionyesha sifa hiyo katika sponji iliyobanwa na kupashwa moto hadi kuta za vijishimo vyake zikajikunja kuelekea ndani. Inafaa sana kwa goti, kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo kikipindwa hufanya umbo la kuba.

Mama Nyuzi: Fundi, unajua jinsi kitambaa cha kawaida kinavyojikunja kingoni: pembeni huelekea nyuma, juu na chini huelekea mbele. Tumia nguvu hiyo. Panga vipande vya msambamba, kimoja cha vitanzi vya mbele na jirani yake cha vitanzi vya nyuma, viende zigizaga. Kikitoka mashineni kitakuwa kimejikusanya kwa urefu na kwa upana, na ukikivuta mikunjo itafunguka pande zote mbili pamoja. Kuhamisha vitanzi kwa mkono kutoka safu hadi safu kunachosha mno, kwa hiyo anza na kipande kidogo kwa sindano mbili za kawaida za kufumia kwa mkono. Na ikiwa ni akriliki, tafadhali usikipige pasi ya mvuke, maana mikunjo italala moja kwa moja.

Mfumaji wa Kariobangi: Asanteni sana. Nitapimaje?

Mhandisi wa Ngara: Funga vijiuzi vya rangi nyingine kwenye pembe za mraba wa sentimita 10, kisha uvute kidogo kidogo, ukipima upana katikati wala si karibu na unaposhikilia, kwa sababu hapo kitambaa kimezuiwa kutanuka. Mikunjo ikiisha kufunguka, upana utaanza kupungua. Kata kifuniko kwa kipimo ambacho goti, hata likikunjwa kabisa, halitakivuta kufikia hapo.