Mjadala: Fomu moja ya kupandisha vyeo kwa daktari wa malaria na mtu wa isimu, ni haki?

Mleta hoja (isimu)

Wakuu, habari za jioni. Chuo fulani, sikitaji kwa sababu bado nala hapo, kimetoa fomu moja ya vyeo kwa wote: tiba, hisabati, sheria, fasihi. Ndani kuna kisanduku: "Andika kipimo chako cha h."

Kwa asiyekijua, hupima jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake, na kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 10, h yako ni 10. Ukiwa na makala moja iliyonukuliwa mara 5,000, na nyingine zote hazijaguswa, h yako ni 1.

Mimi hukaa uwandani miaka mitatu nikirekodi wazee, halafu natoka na kitabu kimoja chenye jina langu peke yangu. Jirani yangu wa maabara hutoa makala nne kwa mwaka, kila moja ina waandishi kumi na tano. Mwaka 2015 wanafizikia wa CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, walichapisha makala yenye waandishi zaidi ya 5,000, na kila nukuu inaingia kwenye hesabu ya kila mmoja wao. Sisemi hawakufanya kazi. Ila mizani ya sonara huwekei gunia la mkaa.

Wapimaji wenyewe wanalijua hili. Ilani ya Leiden ya mwaka huohuo, tamko la wataalamu wa kupima utafiti, ilionyesha kuwa majarida bora ya hisabati yana wastani wa nukuu kama 3 kwa makala, na yale ya biolojia ya seli kama 30. Je, mtu wa hisabati ni mvivu mara kumi? Kisanduku kifutwe.

Mtafiti wa malaria

Mwalimu, shikamoo, na kwenye hesabu uko sahihi. Lakini kabla ya namba tulikuwa na nini? Barua za siri, na mzee mmoja kwenye kamati anayesema "huyo bado hajakomaa." Mimi sikukomaa kwa miaka sita. Niliyesoma naye, aliyekuwa akimbebea mzee mkoba, alikomaa kwa miwili. Kilichoniokoa ni hiyo namba unayoitukana. Hawakuweza kuibishia.

Nakubali nukuu si kipimo cha akili. Makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani ni ya Lowry na wenzake, 1951, kuhusu namna ya kupima protini: zaidi ya mara 300,000. Si kwamba ilivumbua siri ya uhai. Kila aliyepima protini aliitaja, kama unavyotaja duka uliponunua sufuria. Hata hivyo, ukikifuta kisanduku, mzee wa mkoba anarudi kesho asubuhi.

Mhariri wa vitabu, Dar

Mnagombania namba, mmesahau lugha. Chukueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Hapa ofisini hatupitishi ukurasa bila kuifungua. Walimu wanayo, watangazaji wanayo, mahakimu wanayo. Imetoka kwa jina la taasisi, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili). Sasa niambieni, wale waliokaa miaka wakichambua vidahizo, h yao kwa kazi hiyo ni ngapi? Sufuri. Msomaji wa Kiswahili anaitumia kazi, haandiki tanbihi.

Mchangiaji mwingine

Na wale wa "nitaje nikutaje"? Kuna makala nimeona ya kilimo cha mihogo inanukuu utafiti wa benki. Nikaangalia majina: shemeji. China walifika mbali zaidi, vyuo vilikuwa vinalipa bonasi ya fedha kwa makala zilizoingia kwenye faharasa za kimataifa, hadi serikali ikapiga marufuku mwaka 2020.

Mleta hoja

Daktari, marahaba. Hoja ya mzee wa mkoba imenigusa, nayarudisha maneno yangu nusu. Namba ibaki, lakini mtu wa isimu alinganishwe na watu wa isimu wa umri wake wa kazi, na kila mwombaji alete kazi tano anazojivunia, zisomwe. Zisomwe kweli, si kupimwa unene.

Mtafiti wa malaria

Zisomwe na nani? Toni za lugha unayoitafiti wanazijua watu wangapi?

Mleta hoja

Wanne. Mmoja ni mimi.

Mtafiti wa malaria

Na watatu?

Mleta hoja

Wawili walisoma kwa profesa wangu. Wa tatu hatusalimiani tangu kongamano moja, kwa sababu ya irabu ndefu.

Mhariri wa vitabu, Dar

Hahaha, basi bora namba.

Mtafiti wa malaria

Na fomu unarudisha lini?

Mleta hoja

Ijumaa. Tatizo ni kwamba nukuu huhesabiwa na hifadhidata tofauti: Google Scholar inanipa 7, Scopus inanipa 2, na fomu haikusema waangalie wapi. Nimeandika 7. Halafu nikaongeza pembeni kwa kalamu: "ya isimu."