Hizi nyimbo za batoto za ku masomo zilitoka wapi kweli? Kuko odio inazunguka

MamaYaKatuba
Jambo bote. Niko Lubumbashi, binti yangu iko mu maternele (masomo ya batoto badogo) na kila siku anarudi na wimbo, leo Frère Jacques, kesho Sur le pont d'Avignon, kesho kutwa Alouette. Sasa mu grupe ya WhatsApp ya bazazi kuko odio, baba moja na sauti ya mupasta anasema hizi nyimbo zote ni za mashetani, eti Frère Jacques ni mukubwa wa Templiers, chama cha zamani cha baaskari wa dini, yenye balichoma na moto, zingine ni za tauni ya Ulaya, na sisi tunatoa batoto sadaka bila kujua. Bamama wawili bamekwisha kwenda kwa direktere. Mi siamini sana lakini mama mukwe ananiuliza kila mangaribi. Mwenye kujua historia anisaidie, na kama kuko za kwetu pia aseme.

MetreWaKadutu
Mama, tulia. Jacques de Molay wa Templiers ni kweli balimuchoma Paris mu 1314, lakini muziki ya Frère Jacques tunaikuta mu karatasi za Ufaransa za karibu 1780, hesabu mwenyewe miaka hapo kati. Na maneno yenyewe yanasema nini? Matines ni sala ya usiku ya batawa, moja anapaswa kuamka mbele ya wengine apige kengele, sasa Jacques amelala fofofo na kengele haijalia. Ni kumucheka tu. Bachina baliweka maneno yao juu ya ile ile melodi, banaimba tigre wawili wanakimbia, moja hana masikio, mwingine hana mukia. Gustav Mahler, mutunzi wa muziki, naye aliigeuza ya kuzikia watu mu simfoni yake ya kwanza, bakaipiga Budapest mu 1889, sikilizeni ile usiku mutaogopa kweli. Na nyinyi ba Lubumbashi, Babenedikto wako Katanga tangu 1910, batawa wa matines kabisa, mulipaswa kuelewa huo utani mbele yetu 😂

yaya_ruashi
Ya tauni nayo ni ya kuambiana. Bananena Ring a ring o' roses ya Baingereza, eti ni tauni ya London ya 1665. Wimbo uliandikwa mu kitabu cha Kiingereza mu 1881, zaidi ya miaka 200 nyuma yake, na hiyo hadisi ya tauni yenyewe ilitokea kisha vita ya pili ya dunia. Iona na Peter Opie, bibi na bwana yenye balikusanya nyimbo za batoto maisha yao yote, balikataa hiyo maneno. Sur le pont d'Avignon ni kusema juu ya daraja la Avignon, na hiyo daraja iko kweli Ufaransa, balijenga kuanzia 1177, ilikuwa na matao 22 leo yamebaki 4, maji ya Rhône ilikuwa inaibeba kila mara. Ni jembamba, kucheza muduara pale juu ni shida, ndiyo maana wengi banasema watu balikuwa banacheza chini yake.

Kama unatafuta ukatili shika Alouette, ile njo ya kunyonyoa ndege maskini: kichwa, mudomo, macho, mabawa, mukia 😅 Ni ya Bafaransa wa Kanada, iliandikwa Montreal mu 1879. Lakini mutoto anajifunza viungo vya mwili, na kuku ya Noeli tunanyonyoa mbele yake vile vile.

Goma_Birere
Mi sina shida na mashetani, shida yangu ni kuimba za Kifaransa tu. Olélé moliba makasi ni ya bapiga kasia wa mto Kongo, kwa Kilingala, leo batoto wa Ufaransa banaiimba ku masomo yao, na sisi je? Halafu nzango, muchezo wa basichana, mistari miwili, makofi, kuruka, kutupa muguu, wimbo banautunga pale pale kwa kusimanga upande wa pili, na leo nzango imekuwa spor ya kweli. Mwalimu anawafukuza eti kelele.

yaya_ruashi
@Goma_Birere kweli. Na Lubumbashi tuko na bahati, Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Babelgiji, ilichukua watu Kasai, Rwanda, Zambia ya leo, bakaweka mu makambi pamoja. Koko (nyanya yetu) alituimbia mustari moja Kibemba, wa pili Kiluba. MamaYaKatuba, uliza mama mukwe alikuwa anacheza nini akiwa mudogo na umurekodi na telefone, atasahau ile odio.

MamaYaKatuba
Meresi bote. Ninatuma hii ku grupe, ya Mahler nitaruka kwanza juu mupasta ataishikilia.