Je, ilikuwa sahihi kurudisha tramu Leith?

Mwanzilishi wa mjadala

Ndugu zangu, Leith, mtaa wa kale wa bandari ulio kaskazini mwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ulipata tramu (gari la abiria liendalo juu ya reli barabarani) tena tarehe 7 Juni 2023, baada ya kuikosa tangu miaka ya hamsini, kama sikosei. Njia hiyo ina vituo vinane, na bajeti yake ilikuwa pauni milioni 207. Kwa mtaa ambao tayari ulikuwa na mabasi mengi, je, fedha hizo zilitumika mahali pake?

Mchangiaji wa pili

Tramu ya zamani ilikwenda kwa mara ya mwisho tarehe 16 Novemba 1956. Tramu moja ya sasa hubeba abiria 250, na mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kuinuliwa na mtu, kwa kuwa sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo. Basi gani litafanya hivyo? Lakini watu wa Leith ndivyo walivyo: kila wanacholetewa hukilalamikia.

Mchangiaji wa tatu

Mwenzangu, hoja ya abiria ninaikubali. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonichoma, nami nitaijibu hiyo. Kuanzia mwaka 2007 barabara ya Leith Walk ilichimbwa ili mabomba na nyaya vihamishwe kupisha reli, na wenye maduka wakaishi na uzio na vumbi mbele ya milango yao, wakiamini kwamba mwisho wa taabu ile ni tramu. Tramu ilipoanza mwaka 2014, iliishia York Place, katikati ya jiji, bila kufika Leith hata kidogo. Mradi uliokisiwa mwanzoni kwa pauni milioni 375 ulikuwa umemeza milioni 776, tena kwa njia fupi kuliko ile iliyoahidiwa. Kisha mwaka 2019 barabara ileile ikachimbwa upya. Mtu aliyevunjiwa barabara mara mbili kwa ahadi moja halalamiki. Anadai haki yake. Wala si jambo geni, kwani mwaka 1920 Leith iliunganishwa na Edinburgh ilhali wakazi wake walikuwa wamekataa kwa kura nyingi mno. Hata tramu za zamani zilimshusha abiria Pilrig, mpakani mwa Leith na Edinburgh, mvua inyeshe au jua liwake, apande nyingine upande wa pili.

Mchangiaji wa nne

Hapo kwenye Pilrig nakuomba turekebishane, maana unaichanganya na dhuluma. Abiria alishuka kwa sababu ya mitambo: tramu za Edinburgh zilivutwa na kebo iliyokuwa ikizunguka chini ya barabara, ilhali Leith ilikuwa imeingiza umeme tangu 1905, na tramu ya mfumo mmoja haikuweza kwenda kwenye mwingine. Muungano huo unaoulaumu ndio uliomaliza usumbufu huo, kwani mwaka 1922 tramu za umeme zilianza kupita moja kwa moja. Wajenzi wa juzi waliyakuta magurudumu makubwa ya chuma ya ile kebo chini ya Leith Walk, na karibu na kanisa la South Leith walifukua mabaki ya watu zaidi ya 360, ya kale kabisa yakiwa ya karne ya 14. Kazi ya namna hiyo haiendi haraka, na sidhani kuna mwenye Leith moyoni angetaka iende haraka.

Mchangiaji wa tatu

Nimekubali kuhusu kebo. Lakini kura ile hukuigusa, wala hukugusa uchimbaji wa mara mbili. Makaburi yalistahili subira; mabomba ya mwaka 2007 hayakuwa makaburi.

Mchangiaji wa pili

Neno “hukilalamikia” ninaliondoa, na ninaomba radhi, kwa sababu sikuwa nimeyatazama mambo kwa macho ya mwenye duka. Ila tusimbebeshe abiria wa leo deni la waliopanga vibaya. Ripoti ya uchunguzi wa mradi ule wa kwanza ilitoka Septemba 2023, miezi mitatu baada ya tramu kufika Newhaven, mwisho wa njia hii mpya ya Leith, na humo ndimo mwenye kudai haki angeanzia.