Kazi ya mtafiti wa graviti na sumaku ya dunia ikoje hasa, na mtu wa fizikia aanzie wapi?

fizikia_mwaka_wa_mwisho:
Habari zenu wakuu. Namaliza digrii ya fizikia na tangu tufundishwe uga wa sumaku wa dunia nimejikuta kila nikipata nafasi nasoma mambo ya jiofizikia, hasa hii ya kupima graviti (nguvu ya uvutano) na sumaku ukajua kilichoko chini bila kuchimba. Sasa naomba walio ndani ya fani waniambie, mtafiti wa haya mambo anafanya nini siku hadi siku? Ni kuzunguka porini na mashine au ni kukaa kwenye kompyuta? Jiolojia sijasoma hata somo moja, nimeshachelewa? Na uzamivu ni lazima? Halafu kuna ndugu wananiuliza hiyo kazi inamsaidia nani na jibu la maana sijawapa bado.

mpima_uvutano:
Karibu sana mdogo wangu. Mie niko upande wa graviti kwa hiyo ntasema ninachokijua.

Ile 9.8 ya darasani isahau kidogo, sisi tunahangaika na tarakimu za mbali kabisa baada ya nukta. Kipimo chetu ni miligali, takriban sehemu moja ya milioni ya graviti yote, na mara nyingi unachokitafuta (tuseme pango au mwamba mzito uliofunikwa) kinajionyesha kwa sehemu ya kumi ya miligali, wakati mwingine chini ya hapo. Sasa angalia, ukiinua gravimita (mashine ya kupima graviti) mita moja tu namba inashuka kama miligali 0.3, kwa hiyo kama kimo cha kituo chako umekikosea sentimita 10 tayari una kosa la 0.03 kabla hujafanya lolote. Mwezi na jua navyo vinavuta na vinabadilika saa hadi saa. Springi ya mashine nayo inalegea polepole, ndo maana unarudi kituo cha mwanzo mara kadhaa kwa siku unapima tena palepale uone imehama kiasi gani. Mlima wa jirani unavuta, bonde linapunguza, ikweta graviti ni ndogo kuliko kwenye ncha za dunia. Vyote hivyo unavitoa kimoja kimoja, na kinachobaki ndo habari ya miamba.

Watu wanadhani kazi ni kusoma namba kwenye mashine, ila kazi ni huko kwenye kutoa. Fildi inaweza kuwa wiki chache kwa mwaka, zinazobaki ni kompyuta, kuandika makala, kuandika maombi ya fedha za utafiti na kufundisha kama uko chuo.

Kuhusu ndugu zako, waambie habari ya setilaiti za GRACE. Zilirushwa mbili mwaka 2002, moja inaifuata nyingine kwa umbali wa kama kilomita 220, ya mbele ikipita juu ya sehemu yenye uzito zaidi inavutwa kidogo na ule umbali unabadilika, na mabadiliko ya mikromita chache yanapimika. Kwa njia hiyo tu watu wameona barafu ya Greenland inavyopungua mwaka hadi mwaka na maji ya ardhini yanavyokwisha kaskazini mwa India. Zilimaliza kazi 2017, nyingine zikarushwa 2018 kuendeleza. Mtu anayetegemea kisima ataelewa hiyo kazi inamsaidia nani.

sindano_ya_dira:
Mkuu hapo juu kasema vizuri, mi naongezea sumaku.

Kwetu fildi inaenda haraka, magnetomita (mashine ya kupima sumaku) unaibeba ukitembea, inavutwa na meli, inafungwa kwenye ndege au droni. Uga wa dunia uko kati ya nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 25,000 na 65,000 kutegemea uko wapi, na sisi tunawinda tofauti ya makumi au mamia tu. Kwa hiyo mkanda wenye kifungo cha chuma, simu, kisu, vyote unaacha mbali. Unaweka na mashine nyingine imetulia sehemu moja inarekodi mchana kutwa, kwa sababu uga wenyewe unapanda na kushuka kutokana na jua, na siku yenye dhoruba ya sumaku unafunga vitu unapumzika maana data ya siku hiyo haina kazi.

Ila ujue hii fani ina pande mbili na watu wake hata makongamano huwa wanakaa vyumba tofauti. Kuna wanaosoma miamba ya juu, kuna wanaosoma kiini, ile chuma ya kimiminika kilomita kama 2,900 chini inayozalisha uga wenyewe. Wa kiini wanatumia vituo vya kudumu na setilaiti kama Swarm tatu za shirika la anga la Ulaya, zilizorushwa 2013. Wa miamba ndo urithi wa wanajiofizikia Vine na Matthews, 1963 walieleza ile mistari ya sumaku kwenye sakafu ya bahari kwamba ni rekodi ya ncha za sumaku za dunia kugeuka huku sakafu ikitanuka, mie mpaka leo nikiiangalia ile ramani nasisimka. Kitu kingine ninachokipenda, magnetaiti (madini yenye usumaku) ikifika nyuzijoto 580 inapoteza usumaku wake, kwa hiyo ramani ya sumaku inaweza kukukadiria joto limepanda mpaka kina gani, watu wa jotoardhi wanaitumia.

fizikia_mwaka_wa_mwisho:
Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbilimbili. Swali moja, ukishatoa vyote hivyo ukabaki na namba safi unajuaje chini kuna nini? Ni hesabu tu?

mpima_uvutano:
Hapo ndo umegusa penyewe. Hesabu peke yake haitoshi na haitatosha. Kitu kidogo kilicho karibu na juu na kitu kipana kilicho chini vinaweza kukupa mchoro uleule wa graviti, yaani majibu yanayolingana na data yako hayana mwisho. Kinachokusaidia kuchagua ni jiolojia, visima, mitetemo, sampuli za miamba. Mfano mzuri ni Chicxulub kule Mexico. Penfield na Camargo waliokuwa wanafanya kazi na kampuni ya mafuta ya Pemex waliona duara kubwa kwenye data ya sumaku na ya graviti mwishoni mwa miaka ya 1970, wakatangaza 1981 kwamba ni kreta ya kimondo, lakini dunia ya sayansi ilikuja kukubali kama miaka kumi baadaye baada ya kwatzi (aina ya madini) yenye alama za mshtuko kupatikana kwenye sampuli za visima. Duara lilikuwepo muda wote, kilichokosekana ni jiwe la kushika mkononi.

Kwa hiyo jiolojia utaisoma, hujachelewa, wengi tumeingia na fizikia au hesabu tukaikuta humohumo masta. Mimi naona ni rahisi mwanafizikia kujifunza miamba kuliko kinyume chake.

tabaka_la_chini:
Hapo mwisho siafikiani na wewe mkuu, nimeona wanajiolojia waliojifunza hesabu wakawa wazuri sana kwa sababu wanajua mapema modeli ipi ni ya ajabu. Tuendelee.

Dogo, kwa kuongoza utafiti uzamivu utauhitaji, na baada yake jiandae na miaka ya mikataba mifupimifupi, tena kuhamahama, kabla ya kupata nafasi ya kudumu chuoni au kwenye taasisi ya serikali ya jiolojia. Hilo liongeleeni na familia mapema. Ukiishia masta kazi zipo kwenye kampuni za upimaji, madini na maji.

Kwa sasa usisubiri chuo. Jifunze Python (lugha ya kompyuta) vizuri, kuna maktaba ya programu ya bure inaitwa Fatiando a Terra imetengenezwa na watu wa fani hii kwa ajili ya kazi hizihizi. Data ya graviti ya dunia nzima ipo bure kwenye huduma ya ICGEM huko Potsdam, Ujerumani, ya sumaku chukua ramani ya EMAG2 ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga. Chagua eneo moja ambalo ramani ya jiolojia unayo, toa athari ya kimo, chora, halafu jaribu kueleza kila doa unaloliona. Ukikwama leta picha ya ramani yako hapa tuiangalie pamoja.