Uchunguzi wa afya wa kawaida: vipimo gani ni vya lazima, na gharama yake ni kiasi gani?

Mama Tumaini, Morogoro

Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina umri wa miaka 44, mume wangu ana 53, na wote wawili hatujawahi kupima afya tukiwa wazima. Hospitali tunakwenda tukizidiwa. Mwezi uliopita tulimzika shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ambaye aligundulika kuwa na presha siku ileile aliyoambiwa kwamba figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Tangu hapo sina amani. Kituo kimoja binafsi kimetupa karatasi ya kifurushi cha vipimo 38 kwa shilingi 350,000 kila mtu, yaani 700,000 kwa sisi wawili, na fedha hiyo ndiyo ada ya mtoto ya muhula ujao. Je, uchunguzi wa kawaida unapaswa kuwa na nini hasa, na unaweza kufanyika kwa nafuu bila kuacha jambo la msingi?

Mtu wa Maabara

Pole sana kwa msiba, dada yangu. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 14, na ningependa kwanza uitazame upya hiyo karatasi, kwa sababu idadi ya vipimo inaweza kukupotosha. Picha kamili ya damu hutolewa kwa kichupa kimoja kinachoingizwa kwenye mashine mara moja, lakini wapo wanaohesabu wekundu wa damu kuwa kipimo, seli nyeupe kipimo, chembe sahani kipimo. Mkojo nao ni ukijiti mmoja wenye vijiraba kumi vinavyobadilika rangi, na kila kijiraba huandikwa mstari wake. Ukivikusanya vizuri, vipimo 38 huenda vikabaki tisa au kumi.

Angalia pia kama wameweka kipimo cha Widal cha taifodi. Mtu asiye na homa hana sababu ya kupimwa Widal, kwa kuwa majibu yake huweza kuonyesha taifodi hata pale ambapo ugonjwa haupo, na nimeona watu wazima wa afya wakirudi nyumbani na dozi ya antibayotiki wasiyoihitaji. Na tafadhali msikubali ile mashine ya kushika fimbo kiganjani inayodaiwa kusoma mwili mzima kwa dakika moja. Figo hazipimwi kwa kiganja.

Kwa umri wenu, na kwa yaliyompata ndugu yenu, mimi ningeanza na presha, uzito na mzunguko wa kiuno, kisha sukari, mkojo, kreatinini kwa ajili ya figo, lehemu (mafuta kwenye damu), picha kamili ya damu, virusi vya homa ya ini B na VVU. Presha na sukari huharibu figo kimyakimya kwa miaka, na protini kwenye mkojo mara nyingi huonekana kabla mgonjwa hajahisi lolote. Katika hospitali ya wilaya ninakofanyia kazi, kumwona daktari ni shilingi 5,000, sukari 3,000, mkojo 3,000, kreatinini 8,000, picha kamili ya damu 10,000 na lehemu 25,000, jumla 54,000. Homa ya ini huongezwa juu yake, na VVU hupimwa bure katika vituo vya umma. Hospitali binafsi hutoza mara mbili au tatu ya hapo. Nendeni asubuhi mkiwa hamjala tangu saa mbili usiku, ila maji mnywe.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Naunga mkono, na ninaongeza jambo moja kuhusu presha. Miaka mitatu iliyopita nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, nikavishwa mkanda juu ya mkono wa shati nikiwa bado nahema, nikasomewa 158/96 na kuandikiwa dawa za maisha. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, hakuridhika. Alinikalisha dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono wazi mezani usawa wa moyo, akapima mara mbili: 124/78. Tulirudia siku nne mfululizo na haikufika 130. Mkisomewa 140/90 au zaidi, ombeni ipimwe tena siku nyingine kabla ya kukubali au kukataa dawa.

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto

Mama Tumaini, kwa umri wako kipimo ambacho hupaswi kukikosa pengine hakimo kwenye kifurushi hicho: uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Majibu unayapata palepale kitandani, na katika vituo vya umma huduma hii ni bure. Matiti nayo yatachunguzwa kwa mkono. Mume wako azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha tezi dume, akijua kwamba namba hiyo huweza kupanda hata kwa maambukizi ya kawaida, hivyo isimtie hofu kabla ya kuchunguzwa zaidi.

Mama Tumaini

Ahsanteni sana, mmenitua mzigo. Mume wangu ana kadi ya bima ya kazini. Je, itatumika?

Mtu wa Maabara

Bima nyingi hulipia kipimo ambacho daktari amekiandika kwa sababu anayoieleza, si kifurushi ulichojichagulia dirishani. Kwa hiyo aanze kwa daktari, amweleze waziwazi habari za kaka yake aliyefariki kwa figo, kisha aulize dirisha la bima kabla damu haijatolewa. Mkimaliza, ombeni nakala za majibu yote, hata yaliyo mazuri, mziweke kwenye faili moja, kwa maana kreatinini ya mwaka huu ndiyo itakayomwambia daktari wa mwakani kama figo zimesimama palepale au zimeanza kushuka.