Ampuli tatu za mofini hazionekani: niandike "upotevu" au "uteketezaji"? Naombeni ushauri

NjiaPanda26: Wakuu, salaam. Mwenye kujua sheria za famasi anitofautishie maneno matatu: upotevu, uteketezaji na uchepushaji. Daftari la dawa zinazodhibitiwa linasoma salio la ampuli 47 za mofini, miligramu 10 kila moja. Kabatini zimo 44. Fomu ya taarifa inataka neno moja, na kesho asubuhi iwe mezani kwa mfamasia mkuu. Usingizi umeniruka.

MizaniSawa: Upotevu ni dawa kutoonekana na hakuna ajuaye ilikokwenda. Uteketezaji ni kuiharibu kwa utaratibu mbele ya shahidi, kwa kuwa imepita muda, imevunjika au ni mabaki ya dozi. Uchepushaji ni dawa kutolewa kwenye njia halali ikapelekwa kwingine. Hilo huthibitishwa na uchunguzi, haliandikwi kwa kukisia. Kwa maelezo yako ni upotevu, chanzo hakijajulikana. Ila hesabu ya mwisho ya watu wawili iliyokubaliana ni ya lini?

KalamuNyekundu: Tuanze na msingi jamani, maana maneno haya yanachanganywa sana. Mofini iko Jedwali la I la Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya. Dayazepamu iko Jedwali la IV la Mkataba wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Efedrini inasimamiwa na Mkataba wa 1988 kama kemikali bashirifu, yaani malighafi inayoweza kutengenezea dawa za kulevya. Ukiziita zote "dawa za kulevya" kwenye taarifa ya kisheria, umekosea. Ibara ya 34 ya ule wa 1961 inataka kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka 2, na nchi inaweza kudai zaidi.

NjiaPanda26: Ahsante mkuu, ila si hilo nililouliza. Hesabu ya mwisho ni ya Ijumaa, na ilikubaliana. Tangu hapo zimepita zamu nne.

MizaniSawa: Na katika zamu hizo mabaki ya dozi yalishuhudiwa na nani?

NjiaPanda26: Kuna jambo sikuliandika. Mwenzangu wa usiku aliniambia alitoa miligramu 4 kwa mgonjwa, akamwaga 6 zilizobaki, mara tatu. Asubuhi akaniomba nisaini kama shahidi. Sikumwona akimwaga. Nimeshasaini mistari yote mitatu, ndiyo maana naelekea kuandika uteketezaji. Ni mtu mwaminifu, na usiku huwa hakuna wa pili wa kumwita.

MgonjwaKwanza: Kutokuwepo mtu wa pili ni kasoro ya zamu, itaje kwenye taarifa. Lakini shahidi ni aliyeona kiasi kikipimwa, kikimwagwa, na kuhakikisha hakiwezi kutumika tena. Sahihi yako imethibitisha tukio ambalo hukuliona, na nyuma yake kunaweza kuwa na mgonjwa aliyelala na maumivu kwa sababu dozi haikumfikia.

SwaliGumu: Samahanini, hii ni chai. Mabaki hayapunguzi ampuli! Ampuli ikitoka kabatini, salio linashuka kwa 1, hata kama mgonjwa amepewa miligramu 4 tu. Mabaki ya mara tatu ni miligramu 18 kutoka ampuli ambazo zilikwisha kutolewa kwenye salio. Hayawezi kueleza pengo la ampuli 3. Mleta uzi katunga, au ni swali la mtihani.

KalamuNyekundu: Hoja ya hesabu ni sahihi, ila kuna namna inawezekana. Kama aliandika mabaki kwenye safu ya maelezo na kuacha wazi safu ya "zilizotolewa", salio halikushuka. NjiaPanda, tazama safu hiyo.

NjiaPanda26: Sijatunga. Nimetazama sasa hivi: iko wazi mistari yote mitatu. Sikuiangalia niliposaini.

MizaniSawa: Basi usiandike uteketezaji. Chukua chati za wagonjwa wa zamu hiyo, tafuta dozi tatu zenye saa na sahihi ya aliyetoa. Dozi iliyopo kwenye chati na haimo daftarini ni kosa la kumbukumbu. Usifute, usipake wino mweupe, usikate mstari. Andika maelezo pembeni au chini ya ukurasa, weka tarehe na saa ya leo, usaini, na mtu wa pili asaini baada ya kuona chati. Kurudisha tarehe nyuma ni kughushi.

SwaliGumu: Kama ni kweli, naondoa neno langu. Kagua na hizo 44 pia, wawili kwa pamoja: nambari ya toleo, shingo ya ampuli, usawa wa kimiminika. Ampuli iliyojazwa maji ikarudishwa kabatini si dawa duni. Duni ni bidhaa halali iliyoshindwa kufikia viwango. Hiyo itakuwa dawa bandia kwa maana iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani 2017, kwa kuwa kilichomo kimepotoshwa kwa makusudi.

NjiaPanda26: Tumekagua, 44 ziko salama. Chati mbili zina dozi ya miligramu 4. Ya tatu haina chochote. Si itoshe kuandika zote tatu kuwa kosa la kumbukumbu? Sahihi yangu iko pale.

MizaniSawa: Hapana. Mbili ni kosa la kumbukumbu, moja ni upotevu. Fomu isome ampuli 1, miligramu 10, chanzo hakijajulikana. Kisha andika maelezo kwa jina lako kwamba ulisaini mistari mitatu bila kuona, uyakabidhi pamoja na fomu. Anza na ule mstari wa chati tupu.