Chai ya Bahati ya kwenda Kigali

FAMILIA YA KOKO (KATINDO, GOMA)

JUMATANO

19:02 Yaya Riziki: Watu wa hii grupu, habari ya mangaribi. Bahati anakwenda kukimbia Kigali Jumapili, kilomita 21. Anatoka huku Jumamosi asubuhi. Ninaomba tujipange juu ya chakula yake.

19:03 Yaya Riziki: Kule atalala kwa rafiki yake, na alfajiri hakuna mtu wa kumuamkia jikoni. Anapashwa kubeba kitu ya kula saa kumi na moja.

19:03 Dédé: Saa kumi na moja ya Kiswahili ao ya Kifaransa?

19:04 Yaya Riziki: Dédé usianze.

19:04 Dédé: Ninauliza tu. Siku ya ubatizo wa Heri kuna watu walifika padri ameisha kwenda.

19:06 Yaya Riziki: Ya Kiswahili. Ya jogoo. Mbio ikianza, chakula inapashwa kuwa imeshuka, masaa mbili ao tatu mbele. Ukikula na kukimbia papo hapo, tumbo na miguu vinagombania damu.

19:31 Yaya Riziki: Ninaona watu 14 wamesoma.

19:33 Baba Mdogo Safari: Mungu amsaidie 🙏

19:34 Yaya Riziki: Amina Baba Mdogo. Mungu atamsaidia. Karanga nani analeta?

20:10 Bahati: Yaya, aksanti. Mimi ninataka vile ninakulaka siku za mazoezi. Ndizi kamaramasenge, viazi vitamu, mkate na karanga ya kusaga. Kitu kipya hapana. Siku ya mbio si siku ya kuonja.

20:11 Dédé: Na sambaza, zile samaki ndogo?

20:11 Bahati: 😐

20:11 Neema: 😂😂😂

20:12 Dédé: Ninauliza juu ya afya. Ile kilomita ya 9 uliingia mu mikaratusi ya watu, mpaka leo inaota vizuri.

20:14 Mama Heri: Zile sambaza zilikuwa nzima. Nilizikaanga mwenyewe, na sisi wengine tulizikula.

20:15 Bahati: Mama Mdogo, hakuna mtu amekusema.

20:15 Mama Heri: Nimesoma.

20:16 Bahati: Jambo lingine. Lesepase yangu, karatasi ya kuvuka mpaka, inaisha siku ile ile ya mbio. Kuna mtu anajua kama watanisumbua ku barieri ya mpaka nikirudi?

20:17 Dédé: Wakikufungia, rudi mbio. Kipchoge Vienna 2019 alimaliza kilomita 42 saa moja na dakika 59. Wewe toka Kigali utafika na Krismasi.

20:17 Neema: Dédé weee 😂

20:19 Baba Mdogo Safari: Mimi nashauri apewe fromaji (jibini) ya Masisi, kipande kizima, na mashanza, maziwa ya kuganda, chupa moja. Sisi tulikua hivyo na tulikuwa na nguvu.

20:22 Bahati: Baba Mdogo, fromaji nitakula nikirudi, kwa furaha yote. Ina mafuta mingi, inashuka polepole. Alfajiri ile ninatafuta kitu ya kuwaka haraka.

20:23 Dédé: Mashanza mu basi, na zile kona za Rwanda. Chupa itafunguka yenyewe. Abiria wote watafika weupe.

20:30 Yaya Riziki: Mashanza hapana. Sombe hapana, maharage hapana, hata akilia. Yai za kuchemsha mbili sawa, na maganda yake, asimenye mpaka kule. Nitaweka kila kitu mu sashe yake ya plastiki, na jina juu.

20:31 Dédé: Sashe gani Yaya? Rwanda walikataza sashe tangu 2008. Ku barieri watakutoa yote. Mimi viatu vyangu vipya nilivuka navyo mkononi, kimoja huku kimoja huku, kama mtu anabeba mapacha.

20:33 Yaya Riziki: Kweli nilisahau. Basi gameli, ile bakuli ya kufunika. Na viazi mu majani ya mgomba.

20:36 Shangazi Odette: Viazi viache vipoe kabisa mbele ya kufunga. Ukifunga vya moto vinatoka jasho, kesho yake vimechacha. Na usimenye.

20:37 Yaya Riziki: Aksanti Shangazi, nilijua uko macho. Wewe leta karanga.

20:58 Yaya Riziki: Shangazi?

21:03 Yaya Riziki: Sawa. Sasa uji. Alfajiri ni baridi, na viazi vikavu peke yake havipiti. Ninafikiri apike kule Jumamosi usiku, aweke mu termosi, saa kumi na moja anamimina tu. Nilitaka kununua unga wa sosoma.

21:05 Bahati: Yaya, ile ina soya, inanijaza gesi. Unga wa mahindi tu, mwepesi, sukari na chumvi kidogo.

21:06 Yaya Riziki: Mahindi. Inatakikana termosi nzuri, hizi za sasa usiku wa manane zimeisha kupoa. Ile nyekundu ya Koko, yenye maua, ndiyo ilikuwa inashika moto mpaka kesho. Iko wapi siku hizi?

21:07 Dédé: Ile ya Sake?

21:07 Neema: 🙈

21:08 Yaya Riziki: Dédé.

21:12 Baba Mdogo Safari: Mambo ya wakati wa volkano tuliisha kuyamaliza.

21:14 Shangazi Odette: Nani aliyamaliza? Mimi sikuwepo mlipoyamaliza.

21:15 Yaya Riziki: Shangazi, tuko mu mambo ya Bahati. Na ile ya karanga haujajibu.

21:19 Shangazi Odette: Tarehe 27 mwezi wa tano 2021 walisema watu watoke Goma. Nilitembea mtoto mgongoni, termosi mkononi, uji wa mtoto ndani. Tulipofika karibu ya Sake mkono ulikuwa umekufa, nikaomba niiweke mu gari ya mtu. Gari ilirudi Goma. Godoro zao zilirudi. Hata kuku wao alirudi.

21:20 Mama Heri: Gari ya mtu iko na jina. Andika jina.

21:20 Baba Mdogo Safari: Mama Heri, weka simu chini.

21:21 Mama Heri: Kila mwaka ninaibiwa jina langu juu ya termosi.

21:22 Dédé: Lakini mnaona? Goma mpaka Sake inapita kilomita 20. Hii familia yote tuliisha kukimbia mbio ya Bahati, na vyungu kichwani, bila chai. Medali zetu ziko wapi?

21:22 Bahati: 😂 Koko alimaliza mbele ya Dédé.

21:23 Dédé: Nilikuwa ninabeba mbuzi!!

21:24 Neema: Mbuzi ndiye alikuwa anakubeba

21:26 Yaya Riziki: Ninaomba HESHIMA. Kuna mambo matatu: karanga, termosi, na nani anamsindikiza Bahati ku barieri.

21:41 Neema: Koko alituma sauti lakini netiweki inaikataa. Ameniambia niandike vile anasema, nisiongeze nisipunguze.

21:44 Neema: «Termosi niliinunua Bukavu na marehemu babu yenu, tulirudi nayo na mashua, nikaishika mapajani juu isigongwe. Siku ile sikuiulizia. Leo pia siulizi. Mwenye kuwa nayo, akunywe chai yake kwa amani. Lakini mutoto wangu hatakwenda mu nchi ya watu na tumbo tupu juu ya haya ya wakubwa. Viazi nitachemsha mimi, Ijumaa usiku. Riziki, uache kupiga watu kelele. Nimemaliza.»

22:29 Yaya Riziki: Tumesikia Koko. Unisamehe.

22:31 Baba Mdogo Safari: Aksanti Mama.

22:40 Bahati: Koko, aksanti sana. Sita tu vinatosha, vile vidogo vyekundu.

22:52 Neema: Anasema vitakuwa kumi na mbili.

ALHAMISI

06:15 Yaya Riziki: Habari ya asubuhi. Karanga.

07:50 Kaka Josué: Nimeingia sasa, huku hatukuwa na netiweki tangu Jumapili. Nani amefariki?

07:51 Yaya Riziki: Hakuna mtu amefariki. Soma juu.

07:58 Kaka Josué: Ni mingi sana. Niko nyuma yenu, uamuzi wowote.

12:20 Shangazi Odette: Karanga ninaleta, nusu kilo. Nitazichoma na kuzisaga mwenyewe, na chumvi. Nitazileta kwa Koko mkononi. Kwingine sipiti.

12:21 Yaya Riziki: Hiyo tu ndiyo tulitaka. Ndizi nitanunua mimi soko ya Virunga, zikiwa bado kijani kidogo, ziivie njiani. Zikiwa zimeiva huku, kule atafika na jamu. Dédé, mkate.

12:40 Dédé: Mkate ndio. Juu ya barieri, Jumamosi niko na kazi mpaka saa sita.

12:41 Yaya Riziki: Saa sita ya Kiswahili ao ya Kifaransa?

12:41 Dédé: Umeniweza.

13:05 Bahati: Na ile ya lesepase? Hakuna mtu alijibu.

13:30 Bahati: Baba Mdogo, wewe unajuana na watu wa pale.

16:02 Baba Mdogo Safari: Nitauliza kesho. Kama mtu wangu yuko kazini.

16:03 Yaya Riziki: Na kama hayuko?

16:55 Baba Mdogo Safari: Tutaona.

18:20 Yaya Riziki: Bahati, nimefikiri juu ya kinywaji. Kama termosi itakosekana, rafiki yako ana hata sufuria? Chai ya sukari ya papo hapo itasaidia.

18:44 Bahati: Sufuria iko. Makaa sijui. Nitamuuliza.

21:46 Mama Heri: 📷 Picha

21:47 Mama Heri: Kizibo cha ndani kiko. Kile kikombe cha juu ndicho sina, kilivunjika zamani. Niliiosha leo mara mbili.

21:48 Mama Heri: Nitamupatia Heri ailete. Mimi sitakuja.

21:49 Yaya Riziki: Neema, usimuonyeshe Koko kwanza. Tuongee.

21:53 Neema: Simu iko mkononi mwake.

21:55 Neema: Anaikuza picha na vidole. Anaangalia maua.